Kibuyu Ukutani, Mkeka Sebuleni



Siku hizi ukialikwa futari kwa kijana aliyeoa juzi, hapa Kimana au kule Kitengela, usishangae kukuta makochi yamesukumwa pembeni. Katikati umetandikwa mkeka wa ukindu, na ukutani kimetundikwa kibuyu cha Kimaasai chenye shanga. Wazazi wetu walikimbilia plastiki na zulia la dukani, wakasema ndiyo maendeleo. Sasa watoto wao wanavitafuta vile vile vilivyotupwa! Je, unajua vimetoka wapi?

Tuanze na kibuyu. Kitazame vizuri, pengine utaona kauri zimeshonwa kwenye ukanda wake wa ngozi. Kauri ni mali ya bahari. Imefikaje huku chini ya Kilimanjaro? Jibu ni misafara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Pwani walipanda bara kutoka Mombasa na Pangani wakitafuta pembe za ndovu. Walibeba nguo, nyaya, kauri na shanga za kioo zilizotengenezwa Ulaya. Mwaka 1883 Mskochi Joseph Thomson alikuja pande hizi na wapagazi wa Pwani. Alipofika Taveta ilibidi shanga zake zitungwe upya, maana Wamaasai walizitaka kwa urefu wao maalum, la sivyo hawazitaki. Umeona? Shanga zilitoka ng'ambo, lakini mpangilio wake ni akili ya mama wa Kimaasai.

Mkeka nao ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Pwani, ukindu hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi, kisha husukwa ukili mwembamba, mrefu ajabu. Ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa mpaka ukawa mkeka. Si kazi ya siku moja, wala ya mtu mvivu.

Sasa tuambizane ukweli. Kibuyu hakikuwa pambo, kilikuwa chombo cha maziwa. Mama alikisafisha kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, maziwa yakapata harufu yake na yasiharibike upesi. Sisi tunakitundika kikavu, tunapiga picha, basi. Na yule mama aliyekitengeneza tunabishana naye bei mpaka anauza kwa hasara, ilhali zulia la dukani tulilipa bila kunung'unika. Kwa mtindo huo, binti yake ajifunze kazi hii kwa faida gani?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini anayeinunua asili bila kuijua, naye tumwiteje?

Basi ndugu yangu, Ramadhani hii ukinunua mkeka au kibuyu, lipa bei ya haki. Kisha ukae na nyanya yako baada ya futari, umuulize hutengenezwaje. Muulize angali yupo. Kibuyu utakipata sokoni hata mwakani, ila maelezo yake huenda usiyapate.