Namba Tisa ya Msimu Mmoja

Oshawa ni mji wa magari. Uko kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Ontario, mashariki ya Toronto, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya watu wake walikula mishahara ya kiwanda. Familia ya McLaughlin ilianza na magari ya kukokotwa na farasi, ikahamia ya injini, na mwaka 1918 biashara yao ikamezwa na General Motors. Timu ya vijana ya hoki ya barafuni ilipoundwa mwaka 1937 ikapewa jina la Generals, na hakuna aliyehitaji kuuliza jina limetoka wapi.

Ilikuwa timu ya kutisha. Kuanzia 1938 hadi 1944 ilitwaa ubingwa wa Ontario misimu saba mfululizo, kisha kila mwaka ikavuka kwenda kupambana na vijana wa majimbo mengine kugombea Memorial Cup. Kombe hilo lilianza kushindaniwa mwaka 1919, kuwakumbuka wanajeshi wa Kanada waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana waliolinyanyua wakati wa Vita vya Pili walikuwa wa umri uleule wa waliokumbukwa.

Katika msimu wa 1942–43 aliingia kikosini kijana kutoka Regina, mji wa nyika tambarare za Saskatchewan. Jina lake Albert Tilson, lakini kila mtu alimwita Red. Alikuwa mshambuliaji, jezi yake namba 9, kocha wake Charlie Conacher, aliyewahi kuwa mfungaji hatari wa Toronto Maple Leafs. Tilson alicheza mechi 22 za ligi, akafunga magoli 19 na kutoa pasi 38 za magoli. Katika hoki goli ni pointi moja na pasi ya goli ni pointi moja, kwa hiyo alimaliza na pointi 57 na kuongoza ligi nzima. Zitazame hesabu hizo vizuri: pasi ni mara mbili ya magoli. Huyu hakuwa mlafi wa kufunga. Alikuwa wa kumtengenezea mwenzake.

Majira ya kuchipua ya 1943 Generals walifika fainali ya Memorial Cup, wakafungwa na Winnipeg Rangers. Basi. Hiyo ndiyo habari yote ya Red Tilson kwenye barafu ya Oshawa: msimu mmoja, na fainali iliyopotea. Baada ya hapo alivaa sare ya jeshi.

Mwaka uliofuata wenzake walilirudia kombe na kulichukua, wakisaidiwa na mchezaji wa kuazima kutoka chuo cha St. Michael's, Ted Lindsay, ambaye baadaye angekuwa jina kubwa Detroit. Kati ya waliocheza na Tilson, Bill Ezinicki alikuja kushinda Stanley Cup, kombe la ligi kuu, mara tatu akiwa na Toronto, na Floyd Curry mara nne akiwa na Montreal. Nawataja kwa sababu ndio kipimo pekee tulicho nacho. Kijana aliyewapita wote kwa pointi angefika wapi? Jibu halikupatikana. Oktoba 1944 Wakanada walikuwa wakipigana kwenye matope ya mdomo wa mto Scheldt, mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi, ili meli ziweze kufika bandari ya Antwerp. Mwezi huo Tilson aliuawa vitani. Alikuwa na miaka 20.

Ligi haikuchelewa. Kuanzia msimu wa 1944–45 gazeti la Globe and Mail lilitoa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka katika ligi ya vijana ya Ontario, nayo ikaitwa Red Tilson Trophy. Na klabu yake ikaistaafisha namba 9.

Kustaafisha jezi hakukuwa jambo la zamani sana. Aliyefungua mlango huo katika hoki ni Ace Bailey wa Maple Leafs. Desemba 1933 Eddie Shore wa Boston alimsukuma kwa nyuma, Bailey akaanguka na kupasuka fuvu. Alipona, ila hakucheza tena, na tarehe 14 Februari 1934, katika mechi ya kumchangia, ikatangazwa kwamba namba 6 haitavaliwa tena. Usiku huohuo alimpa Shore mkono mbele ya watu. Mwaka 1968 Bailey mwenyewe aliomba namba yake apewe Ron Ellis, mchezaji wa timu hiyohiyo, kwa kuwa alipenda anavyocheza. Inaonekana mwenye namba hakuiona kuwa takatifu kama walivyoiona wengine.

Kwa timu ya vijana jambo hili lina ugumu wake. Mchezaji wa ligi hiyo ni mpita njia. Anafika akiwa na miaka 16, pengine 15, anapangishwa kwa familia mwenyeji inayompa chumba na chakula, anasoma shule ya mji huo, na akifika 21 ameshaondoka. Timu inayotundika jezi ya kila kijana aliyeng'ara ingeishiwa namba mapema. Ndiyo maana klabu nyingi husubiri: kijana akiwa nyota wa ligi kuu ndipo humwita arudi, taa zikazimwa, zulia likatandikwa juu ya barafu, na bango lenye jina lake likapanda darini kwa kamba.

Oshawa nao wamefanya hivyo. Bobby Orr, ambaye baadaye angekuwa nyota wa Boston, alisainishwa na watu wa klabu hiyo mwaka 1962 akiwa na miaka 14, akawekwa kuchezea Generals. Katika makubaliano hayo, mbali na fedha, nyumba ya wazazi wake kule Parry Sound iliahidiwa plasta mpya ya nje. Mama yake hakutaka ahame mapema, hivyo msimu wa kwanza alibaki nyumbani, akisafirishwa kwa gari siku za mechi. Timu yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inafufuka: ukumbi wa zamani wa Oshawa ulikuwa umeteketea mwaka 1953, timu ikakaa kimya miaka tisa, na iliporudi ilianza kwa kucheza nje ya mji. Orr alikuwa beki, na katika msimu wake wa mwisho, 1965–66, alifunga magoli 38. Hata hivyo tuzo ya Red Tilson hakuwahi kuipata. Mwaka huo na ule uliotangulia ilikwenda kwa André Lacroix wa Peterborough.

Namba 2 ya Orr ilipandishwa Novemba 2008, miaka 42 baada ya kuondoka. Ya Eric Lindros, mwingine aliyepitia Generals, 88, ilikuwa imepanda mwaka huohuo. Wote wawili waliheshimiwa, tuseme ukweli, kwa sababu ya yaliyofuata Boston na Philadelphia pia. Tilson hakuwa na yaliyofuata. Namba yake ilihifadhiwa kwa mechi 22 na kwa namna alivyokufa, na naona huo ndio ustaafishaji wa kweli zaidi kati ya yote, ingawa wageni wengi ukumbini humo huinua macho kumtafuta Orr kwanza.

Jina la Tilson limeendelea kufanya kazi kupitia tuzo. Lindros aliibeba mwaka 1991, John Tavares, naye wa Oshawa, mwaka 2007. Mwaka 2015 ilikwenda kwa Connor McDavid wa Erie Otters, ambaye katika fainali ya ligi alikutana na Generals na kufungwa michezo minne kwa mmoja. Generals wakaenda Quebec kucheza Memorial Cup, wakawafunga Kelowna Rockets 2–1 katika muda wa nyongeza. Magoli yote mawili yalikuwa ya Anthony Cirelli, kijana wa miaka 17 ambaye hakuna timu ya ligi hiyo iliyokuwa imemchagua.