Kutumia drili ya umeme nyumbani bila kuumia

Kina mama wengi ninaowatembelea majumbani hawamsubiri tena fundi. Kulabu za chandarua, fimbo ya pazia, rafu ya vyombo: wanaazima drili kwa jirani na kutoboa wenyewe. Nafurahi nikiona hivyo, maana chandarua kisicho na pa kufungwa huishia kukunjwa kabatini. Shida ni kwamba drili ya kuazima huja bila maelekezo, na aliyekuazima mara nyingi hukuonyesha kitu kimoja tu, yaani pa kubonyeza.

Kasi iko kwenye kidole chako

Drili nyingi za siku hizi hubadili kasi. Ukibonyeza kidogo kitufe kilicho chini ya kidole cha shahada, biti huzunguka taratibu. Ukibonyeza hadi mwisho hufikia kasi ya juu. Kwa drili nyingi za nyumbani za kuchomeka kwenye soketi, kasi hiyo ni kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika, yaani karibu mizunguko 50 kwa sekunde moja. Fikiria ncha ya kanga yako ikivutwa humo.

Weka alama ya penseli ukutani, gusisha biti kwenye alama, kisha anza polepole. Biti ikishazama kidogo, ongeza kasi. Ukianza kwa kasi kubwa biti huteleza, hasa kwenye vigae na chuma, na inaweza kuishia kwenye mkono ulioshika kitu unachotoboa. Kitu kidogo, kama kipande cha mbao, kibane kwa jiliwa. Usikishike kwa mkono wala kukikandamiza kwa mguu. Chuma na vigae hutobolewa kwa kasi ndogo mwanzo hadi mwisho. Alama ya nyundo iliyo kwenye drili ni ya ukuta wa tofali au zege, pamoja na biti ya ukutani. Kwenye mbao au vigae izime.

Wengi hudhani kasi ndogo ni nguvu ndogo. Sivyo. Drili yenye gia mbili, ikiwa kwenye gia ya taratibu, ndiyo huwa na nguvu zaidi ya kusokota. Biti ikigonga nondo ndani ya zege na kunasa, mota haisimami. Kinachozunguka sasa ni drili yenyewe pamoja na mkono wako, na kifundo cha mkono kinaweza kuteguka au hata kuvunjika. Kwa hiyo shika kwa mikono miwili, funga mpini wa pembeni kama upo, na usimame imara. Usichuchumie juu ya ndoo au stuli. Kitufe kidogo cha pembeni kinachoifanya drili iendelee kuzunguka yenyewe usikitumie kabisa. Unataka ukiachia kidole, mashine isimame.

Nguo, nywele na mtoto

Mama mmoja alinionyesha mtandio uliochanika katikati. Ulining'inia alipoinama, biti ikaukamata, na alipata kuachia kidole kabla haujafika shingoni. Vua mtandio mrefu, au vaa kofia inayobana. Suka au funga nywele, pamoja na rasta za bandia. Toa bangili, pete na mkufu. Kanga ibadilishe na suruali au gauni lisilopwaya. Glovu za kitambaa pia vua. Najua zinaonekana kama kinga, lakini biti ikikamata uzi wake huvuta na vidole.

Usitoboe ukiwa na mtoto mgongoni. Vumbi humwingia machoni na puani, kelele ni kubwa kwa masikio yake, na huwezi kujua mkono wake utatokea wapi. Waliokwishaanza kutembea wawe chumba kingine na mtu mzima.

Kabla hujatoboa ukuta

Nyaya za umeme ndani ya ukuta kwa kawaida hupita wima au ulalo kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwake kwa mstari ulionyooka. Ukuta wa bafuni au wa nyuma ya sinki unaweza kuwa na bomba, hivyo uliza kwanza. Waya wa drili uliochubuka usiutumie hata kama umefungwa selotepu, na usishike drili kwa mikono yenye maji.

Vaa miwani ya kukinga macho iliyofunika hadi pembeni. Ya kusomea haitoshi. Funika pua na mdomo kwa barakoa. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi badala ya kulifagia, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Paa au dari ya asbesto usiitoboe kabisa.

Kila unapobadili biti, chomoa plagi kwanza, au toa betri. Ufunguo wa kukazia biti utoe kabla ya kuwasha, usije ukarushwa.

Ukiumia

Kitu kikiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka. Usiweke maziwa ya mama, asali wala dawa ya jicho iliyobaki. Kama ulikuwa unatoboa chuma, au kitu kimerukia jicho kwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu ni madogo. Kilichochoma jicho na kubaki usikitoe. Kinga jicho kwa kikombe safi bila kuligandamiza, uende.

Jeraha la biti huonekana dogo kwa nje, lakini ni refu kwa ndani. Kandamiza kwa kitambaa safi hadi damu ikome, osha kwa maji na sabuni, kisha nenda zahanati. Biti iliyobaki mwilini usiichomoe. Beba kadi yako ya chanjo ya pepopunda. Kama miaka 5 imepita tangu chanjo ya mwisho, au hukumbuki, mwambie mhudumu.

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Akishaachana na umeme lakini hapumui, ita msaada na anza kukandamiza katikati ya kifua. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali: umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.