Nani Ana Ruhusa ya Kusoma Habari za Vigango

Enzi za jarida la karatasi, swali la nani anaruhusiwa kusoma lilikuwa fupi. Jarida lilifika kwa posta, tena limechelewa miezi, likapigwa muhuri, likapangwa rafuni. Kuanzia hapo ni mali ya maktaba. Hata chuo kikishindwa kulipia mwaka uliofuata, matoleo ya zamani yalibaki palepale yakila vumbi. Mwanafunzi akitaka makala, alikwenda kwa jamaa wa fotokopi akalipia kila ukurasa. Nimetoka Vitengeni, bara huko Ganze, na nimezeekea kwenye dawati la maktaba ya chuo hapa pwani. Mabadiliko ninayoyaeleza niliyaona nikiwa nyuma ya dawati hilo.

Kwanza zilikuja sidii. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilitoa TEEAL, majarida ya kilimo yaliyojazwa kwenye marundo ya sidii na kutengwa kwa ajili ya nchi za kipato cha chini. Hizo angalau ulizishika mkononi. Kisha ikaja intaneti. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI kwa majarida ya tiba, na mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, wakaja na AGORA kwa kilimo. Mwaka huohuo wa 2003 maktaba za Kenya ziliungana zikaunda KLISC, ili zichange fedha na kuzungumza na wachapishaji kwa sauti moja. Mwaka 2006 JSTOR nayo, hazina ya majarida mtandaoni, ikavifungulia bila malipo vyuo vya Afrika visivyo vya kibiashara. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila hakuna aliyetangaza kwamba tumeacha kununua na tumekuwa wapangaji: kodi ikikatika, hata toleo ulilolisoma jana linaweza kufungwa.

Na mpangaji ana masharti. Mkataba wa leseni huwa na kurasa nyingi, na wakutubi wanaousoma hadi mwisho ni wachache. Unawataja watumiaji walioidhinishwa: wanafunzi waliosajiliwa, walimu, wafanyakazi. Kompyuta ya mchapishaji huwatambua kwa anwani ya IP ya chuo, au kwa nywila wakiwa nje. Wanaruhusiwa kusoma, kupakua na kuchapa makala kwa ajili ya masomo yao. Kuchota jarida zima kwa mkupuo hapana, kumpa mtu wa nje hapana, kulibandika mtandaoni wazi hapana kabisa. Masharti haya si ya mzaha. Aaron Swartz, kijana wa Marekani, alikamatwa mwaka 2011 kwa kupakua mamilioni ya makala za JSTOR kupitia mtandao wa chuo cha MIT. Alijiua Januari 2013, kesi yake ikiwa haijasikilizwa.

Kifungu ninachokipenda mimi ndicho watu wanachokiruka. Mikataba mingi humruhusu mgeni yeyote, hata asiye mwanafunzi, kuingia maktabani na kusoma kwenye kompyuta za humohumo ndani. Nimeona wageni wakirudishwa mlangoni kwa kisingizio cha leseni ambayo haikusema hivyo.

Mzee mmoja wa kwetu alikuja na mjukuu wake. Alikuwa amesikia kuna maandishi ya Wazungu kuhusu vigango, zile nguzo za kuchonga ambazo Wagiriama wa huku pwani huwasimikia marehemu wa chama cha Gohu, na ambazo zikishasimikwa haziguswi. Habari yenyewe ni hii: mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze. Haukupita muda, vikaibwa. Baadaye kimoja kilionekana katika mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Illinois State, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, vyote huko Marekani. Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze waliandika juu ya biashara ya kuuza vigango ng'ambo katika American Anthropologist mwaka 2003, na kile cha Illinois kilirudishwa kwa familia mwaka 2007.

"Hao ni wazee wetu, mwanangu," aliniambia. "Sasa nisome kwa ruhusa ya nani?"

"Keti hapa, mzee. Ukiwa kwenye kiti hiki, mkataba unakuruhusu."

Mjukuu alisoma kwa Kiingereza, akamgeuzia kwa Kigiriama sentensi moja moja, naye mzee akimkosoa kila alipotaja jambo la Gohu vibaya. Mwisho akaomba nakala. Moja ya kusoma mwenyewe ilikubalika. Alipotaka nyingine za kugawa barazani, ilibidi nikatae, na sikufurahia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatambua utafiti na matumizi ya binafsi. Kugawia kijiji ni jambo jingine, na mkataba ndio hubana zaidi.

Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka jamii iridhie kabla maarifa yake hayajatumiwa na wengine. Ni sheria nzuri. Lakini inalinda mlango wa kutokea tu. Yaliyokwisha kuandikwa juu yetu yamekaa upande wa pili, nyuma ya nywila, na mwalimu wa shule ya msingi Vitengeni aliyehitimu hapa mwaka jana ameshafungiwa akaunti yake. Akitaka makala, apande matatu hadi chuoni akasome kama mgeni.

Mkataba ukirudi mezani ningedai mambo mawili yaandikwe: mhitimu asikatwe siku anayovua joho, na makala inayohusu jamii ya hapa iruhusiwe kuchapwa kwa ajili ya baraza lake. Wachapishaji hujadiliana, nimewaona wakilegeza makubwa kuliko hayo. Shida ni kwamba wanaokaa mezani kwa upande wetu huuliza bei kwanza, na bei ikishuka, kalamu inatoka mfukoni.