Daftari la michoro

Daftari la michoro ni daftari lenye kurasa zisizo na mistari ambamo mtu huchora anachokiona, anachokikumbuka au anachokiwaza, bila nia ya kukionyesha kama kazi iliyokamilika. Wachoraji hulitumia kujiandaa kwa kazi kubwa. Walimu wa Sanaa hulitumia pia kuwavuta wanafunzi wasiopenda kuchora, au tuseme wanafunzi walioamini kwamba hawawezi.

Historia

Madaftari ya aina hii ni ya zamani. Leonardo da Vinci (1452–1519) aliacha kurasa elfu kadhaa za michoro na maandishi. Katika Tanzania ya magharibi yalipita na misafara: James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke kuanzia mwaka 1860 hadi 1863, alichora watu, mimea na mandhari njiani, na michoro yake ilitumika kutengenezea picha za kitabu cha Speke kilichotolewa 1863. Mwaka 1861 msafara huo ulikaa Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Kabla ya hapo, huko Zanzibar, Grant alikuwa amejaribu kupiga picha kwa kamera, lakini bara alitegemea penseli na rangi za maji.

Kwa upande wa shule, jina kubwa Afrika Mashariki ni Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937. Alikuwa amesomeshwa London na Marion Richardson, ambaye aliwaambia watoto wafumbe macho, akawasimulia mandhari kwa maneno, kisha wakachora walichokiona akilini. Miongoni mwa waliopita Makerere ni Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wenyeji wa Kilimanjaro. Njau alianzisha kituo cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965 na anajulikana kwa kupinga tabia ya kunakili.

Kwa nini wanafunzi husita

Mtoto mdogo huchora bila kuombwa, mchangani au ukutani kwa mkaa. Anapokaribia miaka kumi au kumi na miwili huanza kulinganisha mchoro wake na kitu chenyewe, huona tofauti, na wengi huachia hapo. Shule mara nyingi huongeza tatizo. Mwalimu huchora chungu ubaoni, darasa zima linanakili, na alama hutolewa kwa kadiri mchoro unavyofanana na wa mwalimu. Mwanafunzi hujifunza kwamba kuna jibu moja nalo si lake. Akifika sekondari husema "mimi sijui kuchora" kama mtu anayetaja kabila lake.

Mazoezi

Zoezi linalofaa kuanza nalo ni kuchora ukingo wa kitu bila kutazama karatasi. Mwanafunzi hukazia macho, kwa mfano, mkono wake wa kushoto, na penseli hufuata polepole kila mkunjo. Zoezi hili lilienezwa na kitabu cha Kimon Nicolaïdes cha mwaka 1941. Matokeo huwa ya ajabu kwa kila mtu, hata kwa anayejiona hodari, kwa hiyo darasa hucheka pamoja na aibu hupungua. Zoezi jingine ni kunakili picha iliyogeuzwa juu chini, ili jicho lifuate mistari badala ya kutafuta "pua" na "jicho". Betty Edwards alilifanya maarufu mwaka 1979; maelezo yake kuhusu pande mbili za ubongo yamepingwa na wanasayansi, ila zoezi lenyewe linafaa.

Baada ya hapo wanafunzi hutoka nje. Mwanafunzi wa Kitete, mjini Tabora, hakosi cha kuchora: miembe mikubwa, baiskeli zilizopakia mkaa, mizinga ya asali, watu wanaosubiri nje ya hospitali (hawa wachorwe kwa mbali na kwa heshima). Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Kuta zake nene na paa lake la bapa ni somo zuri la umbo na kivuli. Mchoro wa dakika moja hufaa kwa vitu vinavyosogea, kama mbuzi au foleni ya maji, kwa kuwa hakuna muda wa kufuta. Kifutio, kwa kweli, huua michoro mingi kuliko mkono dhaifu. Walimu wengine hukikataza kwa wiki za mwanzo.

Usahihishaji

Kurasa za daftari hazitolewi alama mojamoja. Mwalimu hutazama kama mwanafunzi amechora mara kwa mara, kama amejaribu vitu tofauti, na kama amerudia kitu kilichomshinda. Kurekebisha kwa kalamu nyekundu juu ya mchoro wa mwanafunzi ni kosa. Mwalimu akitaka kuonyesha jambo achore pembeni, kwenye karatasi yake. Ukurasa usionyeshwe darasani bila ruhusa ya mwenyewe, kwani anayechekwa mara moja huanza tena kuchora vyungu vya ubaoni.

Vifaa

Daftari la dukani si lazima. Karatasi nyeupe hukunjwa katikati, hushonwa kwa sindano na uzi mnene, na jalada hukatwa kwenye boksi. Karatasi zilizochapwa upande mmoja, ambazo ofisi nyingi huzitupa, zinatosha. Penseli ikikosekana hutumika kipande cha mkaa. Kwa kuwa mkaa huchafua ukurasa wa pili, huchorwa upande mmoja tu wa karatasi.