Gato ya makala: kitu kilichotoka fwaye ya kambi

Mtu akitaja Kolwezi, masikio yanangojea shaba na kobalti. Historia ya kwetu imeandikwa kwa tani, kwa mashimo na kwa majina ya wakurugenzi. Sisi tutaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni, kwa sababu iko gato moja ya kakao ambayo bamama wa kambi wanaipika mpaka leo, na safari yake njo safari ya kazi ya mine vilevile.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Miaka ya kwanza ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walikimbia. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mawazo: mfanyakazi akae miaka mitatu, alete bibi yake, azae watoto kambini. Kolwezi yenyewe, iliyozaliwa 1937, ilijengwa katika mawazo hayo. Kulikuwa na nyumba, posho, hospitali, masomo. Na kwa bamama kulikuwa fwaye, ambako walifundishwa kushona, kupiga pasi, kulea mtoto na kupika.

Tuseme ukweli, fwaye haikufunguliwa kwa huruma tu. Bwana anayekula vizuri na kukuta nyumba safi hakimbii kazi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alieleza, katika kitabu chake cha 2001, namna kampuni ilivyojifanya baba wa kila familia ya mfanyakazi. Lakini bamama hawakuchukua masomo yale kama yalivyo. Mapishi yaliandikwa kwa ajili ya furu, na nyumbani kulikuwa mbabula.

Basi wakafanya hivi. Bunga ya ngano kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja na nusu, mafuta au majarini nusu kikombe, kakao nusu kikombe, mayai matatu, chumvi kidogo. Mafuta yanayeyushwa na sukari, mayai yanafuata, halafu bunga na kakao, bila kupiga sana. Sufuria inapakwa mafuta, inawekwa juu ya makala machache yaliyokwisha kupoa kidogo. Kifuniko ni bati, na juu ya bati njo makala mengi. Kosa la wapishi wapya ni kuweka moto mkali chini: gato inaungua tako, juu inabaki uji. Inapotolewa baada ya dakika thelathini hivi, katikati bado iko laini, inashika kisu. Wamarekani wana gato kama hiyo, wanaiita brownie, na wao pia wanataka ikae nzito katikati. Waswahili wa Zanzibar nao wanapika mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini. Hatusemi mmoja alimwiga mwingine. Penye makala na pasipo furu, akili zinakutana.

Wakati ule gato ya kakao ilikuwa ya ubatizo na komunyo ya kwanza. Kampuni ikawa mali ya serikali mwaka wa 1967, ikaitwa Gécamines baadaye, na gato ikabaki ya sikukuu. Iliyoitoa mezani na kuipeleka barabarani ni shida. Sehemu ya mine ya Kamoto ilibomoka Septemba 1990. Shaba iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka chini ya 50,000 mwaka wa 1994. Mishahara ikachelewa, halafu ikakosekana. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, tunauliza. Katika nyumba nyingi aliyelipa masomo ya watoto alikuwa mama, na sahani yake ya vipande vilivyokatwa mraba, mbele ya mlango wa shule. Vitabu vya tani havimhesabu.

Daftari tulilotumia hapa lina jalada la kitambaa na maandishi ya Kifaransa. Lilikuwa la mama mmoja wa Kasai, jirani wa Musonoi, bwana yake fundi wa mine. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walilala wiki nyingi kwenye magare wakingoja treni, na watoto walikufa pale. Yeye alipofunga mizigo alimwachia mama yetu mbabula, kinu na daftari hili, akisema atalirudia. Hakurudi, na hatukupata habari yake tena.

Kwenye ukurasa wa gato, mwalimu wa fwaye alimwandikisha kwa wino: furu ya moto wa kadiri. Pembeni yeye mwenyewe akaongeza kwa kalamu ya risasi, kwa Kiswahili: makala saba chini, kumi na tano juu, usifungue mpaka usikie harufu.