Kokwa Iliyokwenda Ujiji kwa Miguu

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, njia ya miguu ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikosa wa kuipita. Vichaka vikaifunika, mashamba yakaila, na penginepo barabara ya magari ikalazwa juu yake. Iliyobaki ni miembe. Ipo Bagamoyo, ipo Tabora kila unakogeuza uso, na ipo Ujiji karibu na Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 1,200 hivi kutoka baharini. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hiyo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Nimeifuata kwa basi, kwa treni, na pale inapokanyagika bado, kwa miguu. Swali langu lilikuwa moja: embe lilifikaje bara?

Jibu la wengi liko tayari mdomoni. Watumwa na wapagazi wa misafara, utaambiwa, walikula maembe safarini wakatupa kokwa, kokwa zikaota. Kwa kipande cha mwanzo cha njia, karibu na pwani, huenda ndivyo ilivyokuwa. Kwa Tabora na Ujiji sikubali, na sababu yangu imo ndani ya kokwa yenyewe.

Tuanzie mbali kidogo. Mwembe, ambao wataalamu huuita Mangifera indica, ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Ndiyo maana utomvu unaoruka embe linapochumwa huwasha ngozi, na mtoto aliyelamba embe changa bila kuliosha huamka midomo imevimba. Asili ya mti huu ni upande wa kaskazini mashariki mwa India, Bangladesh na Myanmar, na huko watu wameulima kwa takribani miaka 4,000. Kutoka huko ulivuka bahari.

Nani aliuvusha? Mara nyingi husemwa kwamba ni Wareno. Lakini Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alikwishaketi Mogadishu akala. Ameandika kuhusu tunda linalofanana na tofaa ila lina kokwa, ambalo likiiva huwa tamu sana, na likiwa bichi huwa kali kama limau, nao wenyeji hulitia kwenye siki wakalila na wali. Hiyo ni achari ya embe, ile ile inayoliwa Lamu, Mombasa na Unguja leo. Majahazi ya kaskazi yalikuwa yakienda na kurudi kati ya pwani hii na Uarabuni na India karne nyingi kabla ya Mreno. Sioni sababu ya kumpa sifa ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi walishaistahili.

Basi karne ya 19 ilipoingia, pwani ilikuwa na maembe ya zamani. Bagamoyo mpaka sasa miembe mizee imepanga mstari kwenye njia ya kuelekea misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Gome la miti hiyo ni jeusi, lina nyufa za kuingiza kidole, na kivuli chake ni kizito kiasi kwamba majani hayaoti chini. Hapo ndipo nilipopasua kokwa kwa kisu. Nje kuna ganda gumu lenye nyuzi. Ndani kuna utando mwembamba wa kahawia unaochanika kama karatasi, kisha kiini cheupe, kinene, kilichojaa maji. Hayo maji ndiyo habari yote. Mbegu ya mtama au kunde hukauka, ikalala ghalani, ikaamshwa na mvua ya mwakani. Kiini cha embe hakijui kulala. Kikikauka kimekufa, na kwa kawaida huchukua wiki chache tu.

Sasa pima njia. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kuingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Ni siku 134. Ujiji waliiona Februari 1858. Misafara ya wafanyabiashara wenyewe ilikwenda upesi kuliko hiyo, lakini nayo ilihesabiwa kwa miezi. Embe bivu lililochumwa Bagamoyo lingeoza kabla ya kufika Ugogo, na kokwa iliyofungwa pamoja na shanga na nguo, juu ya bega la Mnyamwezi chini ya jua, ingefika Tabora imekuwa kuni.

Zinabaki njia mbili. Ama mtu aliitunza kokwa kwa makusudi, akaiweka kwenye udongo wenye unyevu na kuinyunyizia maji kila kambi, ama embe lilisogea kituo kwa kituo: likapandwa mahali, likangojewa miaka sita, minane au zaidi mpaka mti wa kokwa uzae, kisha kokwa zake zikaendelea na msafara mwingine. Mimi naamini njia zote mbili zilitumika. Kwa vyovyote, palihitajika watu waliokusudia kukaa. Msafiri anayepita hamwagilii mche, na mfungwa aliyefungwa mnyororo shingoni hachagui pa kupanda. Mwembe mzee wa bara unatuambia kwamba hapa paliishi watu kwa miaka, wakitarajia kula matunda yake.

Kati ya Kilimatinde na Tabora njia ilipita Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo wapagazi waliiogopa kwa kiu. Hapo msafara ulikuwa ukikimbia kutoka kisima hadi kisima, haukuwa na nafasi ya bustani. Ukiivuka nyika hiyo ukaingia Unyanyembe, nchi ya Tabora, hali inabadilika.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na ukomo ambao wataalamu wa kilimo huupendekeza kwa embe la biashara. Hata hivyo mti umestawi kupita kiasi, na sababu ni ukame. Mvua ya Tabora huanza Novemba ikaisha Aprili au Mei, kisha mbingu hukaa safi miezi mitano. Mwembe unataka hivyo hasa. Ukame ndio unaousukuma kutoa maua badala ya majani, na mizizi yake mirefu inaendelea kufuata maji chini wakati nyasi zimekauka. Shada moja linaweza kubeba maua mamia hata maelfu, mengi yakiwa ya kiume, na mwisho hubaki matunda machache tu. Wachavushaji wake wakubwa ni nzi, wakisaidiwa na nyuki na wadudu wengine. Mvua ikinyesha wakati wa maua, ugonjwa wa chule huyaunguza, na hilo ndilo tatizo la mara kwa mara la wakulima wa pwani, penye misimu miwili ya mvua. Kwa hiyo mti uliotoka pwani ulikuta bara hali ya hewa inayoufaa kuliko ilikotoka mbegu yake.

Nani aliupanda Tabora? Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani walioweka makazi huko katikati ya karne ya 19 walijenga matembe na kufungua mashamba. Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, alikuwa na makazi yake Ituru, karibu na mji. Majina ya wenye mashamba tunayo. Ya waliochimba mashimo na kubeba maji hatuna, na wengi wao walikuwa watumwa. Tunapokaa kivulini Kwihara, kwenye tembe walilokaa wasafiri Stanley na Livingstone mwaka 1872, ni haki tuwakumbuke kwanza wale.

Miti hiyo haikuishia kuwa kivuli na chakula. Gome la mwembe huchemshwa na kunywewa kwa kuhara, na majani yake huingia kwenye nyungu ya kujifukizia mtu mwenye homa au mafua, pamoja na mchaichai na majani ya mkaratusi. Ukisikia hivyo usicheke. Gome lina tanini nyingi, ambazo hukaza utumbo, na gome pamoja na majani yana manjiferini, kemikali ambayo imechunguzwa sana kwa uwezo wake wa kupunguza uvimbe. Nchini Cuba dondoo la gome la mwembe lilitengenezwa na kuuzwa kwa jina la Vimang. Lakini niseme wazi: mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na zahanati kabla ya gome, na mwenye kisukari asiache dawa zake kwa sababu ya chai ya majani ya mwembe. Faida isiyo na ubishi ni ya tunda lenyewe, kwani embe bivu lina viambata ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho ya watoto. Nalo huiva Novemba hadi Januari, wakati ghala za wakulima wengi zinapungua.

Ujiji njia inaisha. Hapo, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley, alimkuta Livingstone, na mapokeo ya mji yanasema walikutana chini ya mwembe. Mti huo ulishakufa. Miembe iliyopo kwenye ukumbusho, wasimulizi wa hapo wanasema, ilibebeshwa kutokana na ule wa kwanza.

Kubebesha si jambo la mapambo. Zipo aina za embe ambazo kokwa moja hutoa miche kadhaa, na mingi kati yake ni mama yule yule. Zipo nyingine ambazo kokwa hutoa mche mmoja tu, mchanganyiko mpya wa baba na mama. Ukitaka kuuhifadhi mti wa aina hii ya pili kama ulivyo, kokwa haisaidii. Unakata kikonyo chake na kukifunga juu ya shina la mche mwingine. Sasa fikiria miembe ya Tabora na Ujiji iliyoota kwa kokwa, kizazi baada ya kizazi, ikichujwa na ukame wa bara. Humo mna aina ambazo hazina jina sokoni wala kitalu kinachozizalisha. Wakati huo huo panga na tanuri la mkaa vinaifikia, viwanja vya nyumba vinaifikia, na tangu mwaka 2003 yumo nchini inzi wa matunda kutoka Asia, anayetaga ndani ya embe na kulioza. Mkulima aliyekata tamaa na mwembe wake mzee anaukata, akapanda aina ya Kent au Tommy Atkins. Simlaumu, soko ndilo linalomwelekeza.

Ombi langu ni kwa watafiti wa kilimo wa TARI Tumbi, walio nje kidogo ya Tabora, na kwa halmashauri zilizo kwenye njia hii. Miembe mizee ihesabiwe na kuandikwa mahali ilipo, na ile bora ichukuliwe vikonyo ibebeshwe kwenye kitalu kabla haijaanguka. Nawe msomaji, kama kwenu kuna mwembe ambao hakuna aliye hai aliyeuona ukiwa mche, muulize mzee wa nyumba uliletwa na nani na kutoka wapi, ukaliandike jibu lake.