Ni wewe umechora, ama ni kompyuta? Historia fupi ya brashi isiyo na rangi

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na safari hii sababu si uvivu. Mwezi wa nne tulimzika cucu, mama ya mamangu, huku nyumbani Kibugu. Picha pekee iliyoonyesha uso wake mzima ilikuwa ile ya kitambulisho, na mnazijua picha za vitambulisho: kila mtu huonekana kama ametoka kulala seli. Familia ilitaka picha kubwa ya kuweka kwenye bango na kwenye kijitabu cha mazishi. Mimi ndiye "yule wa kompyuta", mtu wa kuitwa printa ikikwama na simu ikijaa, basi kazi ikaniangukia.

Niliichora usiku tano. Si kusafisha ile ya kitambulisho, la. Nilianza na ukurasa mtupu, nikachora kwa kalamu ya kielektroniki. Siku ya mazishi watu waliitazama, wengine wakalia, na tata yangu mmoja, dadake mamangu, akanivuta kando karibu na tangi la maji. Akaniuliza, "Hii ni wewe umechora, ama ni kompyuta?" Nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa. "Kompyuta ndiyo imechora. Wewe umebonyeza."

Sikumjibu. Mtu habishani na tata yake matangani. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki, nami nikaanza kuchimba: huu uchoraji wa kwenye skrini ulianzia wapi, na nani aliyeshika brashi ya kwanza? Nilichokipata ndicho hiki.

Turudi mwaka 1973, Palo Alto, California, katika maabara ya Xerox iliyoitwa PARC. Mhandisi Richard Shoup alikuwa ametengeneza mashine aliyoiita SuperPaint. Kabla yake kulikuwa na Sketchpad ya Ivan Sutherland, MIT mwaka 1963, lakini ile ilichora mistari ya kihandisi. Ya Shoup ilikuwa ya kupaka rangi. Ilikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi picha moja ya pikseli 640 kwa 480, kila pikseli baiti moja, maana yake rangi 256 kwa wakati mmoja. Pigeni hesabu: baiti 307,200. Leo hata picha ya "Good morning" inayotumwa na jamaa kila alfajiri inaweza kuzidi hapo! Wakati ule kumbukumbu hiyo ilijaza kabati. Picha ya kwanza iliyonaswa ndani yake mwezi wa nne mwaka huo ilimwonyesha Shoup mwenyewe ameshika kikaratasi cha kusema kwamba mtambo unafanya kazi, kwa namna fulani. Wanaprogramu wenzangu wanaielewa hiyo "kwa namna fulani".

Sasa anaingia mtu ninayempenda zaidi katika hadithi hii. Alvy Ray Smith alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Stanford, alikuwa amefundisha chuo kikuu, na pembeni alikuwa akichora kwa rangi za kawaida. Mwaka 1974 alimtembelea rafiki yake Shoup, akaiona SuperPaint, na hakutaka kuondoka. PARC haikuwa na nafasi ya kazi ya mchoraji. Wakafanyaje? Wakamlipa kwa hati ya ununuzi, ile ile inayotumika kununua viti na karatasi. Yaani kwenye vitabu vya hesabu mchoraji yule aliingia kama kifaa!

Alikaa pale miezi michache tu, akichora usiku na kujaribu kila kitu. Katika majaribio hayo alikutana na shida ambayo kila anayeanza hukutana nayo. Mashine inaelewa rangi kama mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu. Mchoraji hawazi hivyo. Mchoraji husema "ile ile, ila ififie kidogo" au "ile ile, ila iwe na giza". Smith akaandika hesabu ya kugeuza namba za mashine ziwe namba tatu za mchoraji: ni rangi gani, imekolea kiasi gani, ina mwanga kiasi gani. Aliichapisha mwaka 1978, na leo karibu kila programu ya kuchora ina kisanduku cha kuchagua rangi kinachofuata mpango huo. Kwa hiyo hesabu hiyo ilitoka kwa mtu aliyekuwa na brashi mkononi na aliyekuwa akikosea.

Mwanzoni mwa 1975 Xerox ikaamua kwamba rangi haina mustakabali katika kazi za ofisi, na Smith akaachishwa. Akaenda New York, kwenye taasisi ya NYIT. Huko mwaka 1977 aliunganisha kumbukumbu tatu za picha zifanye kazi kama moja, akapata programu ya kuchora yenye rangi milioni 16, na mwaka huo huo yeye na Ed Catmull wakabuni ile namba ya nne ya pikseli inayosema kitu kimeziba kiasi gani. Bila namba hiyo hakuna matabaka kama tunayoyajua, na bila matabaka mimi nisingemvalisha cucu kitambaa bila kuharibu nywele. Baadaye, mwaka 1986, wawili hao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar, lakini hiyo mnaijua.

Yote haya yalifanyika kwenye mashine ambazo mtu wa kawaida hakuziona. Mlango ulifunguka Januari 1984, Macintosh ilipotoka ikiwa na MacPaint ya Bill Atkinson (alifariki Juni 2025). Skrini ya nyeusi na nyeupe, hakuna hata kijivu. Msimbo wake uliwekwa wazi na jumba la makumbusho ya kompyuta huko California mwaka 2010, nami niliusoma nikiwa chuoni: mistari kama 5,800 ya Pascal pamoja na mingine ya asembli. Nimewahi kuandika fomu ya kuingilia mfumo iliyo ndefu kuliko hiyo, na sijivunii. Mwaka 1985 Windows ya kwanza ikaja na Paint yake, na huo ndio mlango niliopitia mimi.

Shule yangu ya sekondari ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine za mitumba zenye Windows XP. Tulipaswa kujifunza kuchapa. Nikagundua Paint. Kuchora kwa kipanya ni kama kuandika jina lako kwa kipande cha sabuni, lakini mkono huzoea. Paint ile ya XP ilikuruhusu kurudi nyuma hatua tatu tu. Ukikosea mara ya nne ndio basi, kosa limekuwa lako la kudumu. Nililaani sana jambo hilo, ila naona lilinifundisha kutazama kabla ya kugusa. Vijana wa leo wenye hatua mia mbili za kurudi nyuma hawana hofu hiyo, sijui ni heri au ni hasara. (Paint yenyewe ilisubiri mpaka 2023 kupata matabaka. Miaka 38!)

Kalamu halisi za kuchorea zilikuwepo zamani. Kampuni ya Wacom ya Japani ilianzishwa mwaka 1983, na kalamu zake hazihitaji betri kwa sababu kibao chenyewe huipa kalamu nguvu kwa sumaku-umeme. Tena hutambua umekandamiza kiasi gani. Lakini kibao kama hicho Kibugu ungekinunua kwa magunia mangapi ya majani chai? Kilichotufikia ni simu. Mapema 2011 Safaricom ilileta Huawei IDEOS, simu ya Android ya kama shilingi 8,000, na mjomba akanunua moja. Nikawa mwosha gari wake wa kujitolea ili niiguse. Kioo kidogo, kidole kinene, na kidole hakina ncha. Nilidhani ninacheza tu. Kumbe tarehe 1 Juni 2009 jarida la The New Yorker lilikuwa limetoka na jalada lililochorwa na Jorge Colombo kwa kidole juu ya iPhone, na mzee David Hockney wa Uingereza naye alikuwa akichora maua ya asubuhi kwenye simu na kuwatumia rafiki zake. Nilipolisoma hilo miaka baadaye nilifurahi kama mtu aliyegundua kwamba ana ukoo mkubwa.

Chuoni nikakutana na programu huria. GIMP iliandikwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na ikatoka mwaka 1996. Krita ilianza 1999, jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Bei yake ni sifuri, na hiyo ndiyo bei niliyokuwa nayo. Kwa kuwa nasomea kompyuta, nikafungua msimbo nione brashi ni kitu gani. Nilivunjika moyo kidogo! Brashi ni muhuri. Unapovuta mstari, programu inagonga picha ndogo, tena na tena, kwa nafasi ndogo ndogo mpaka jicho lidanganyike kwamba ni mstari. Ukikandamiza kalamu, muhuri unakuwa mkubwa au unakolea. Basi. Uamuzi wa kugonga wapi na kwa uzito gani haumo kwenye msimbo. Niliutafuta, haumo.

Mwalimu wangu hasa, bila yeye kujua, alikuwa Mfaransa David Revoy. Tangu 2014 anatoa katuni inayoitwa Pepper&Carrot, ameichora kwa Krita na kuweka faili zake zote wazi. Nilikuwa naenda saiba Embu mjini, napakua faili moja kwenye flashi, narudi nyumbani na kuzima matabaka moja baada ya jingine mpaka nibaki na mchoro wa penseli. Kisha najaribu kupanda tena ngazi ile ile. Mara nyingi nilianguka ngazi ya pili.

Na hapa nifike kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote: ngozi. Masomo niliyoyapata mtandaoni yalifundisha ngozi ya waridi. Nilipotaka ngozi yetu niliifanya ile ile halafu nikaongeza weusi, na kila niliyemchora alionekana amepakwa majivu. Shida hiyo ina historia. Kwa miaka mingi Kodak ilirekebisha rangi za filamu na mashine za kuchapisha kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley. Watu weusi walitoka kama vivuli. Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao pia walilalamika kwamba rangi zao za kahawia hazionekani sawasawa, na malalamiko ya biashara yalisaidia kusukuma mabadiliko. Soma sentensi hiyo tena ukipenda. Mimi niliisoma mara tatu.

Zile namba tatu za Smith ndizo zilizonitoa gizani. Nilimkalisha ndugu yangu mdogo mlangoni saa kumi jioni, nikapima kwa macho: penye kivuli rangi haikwendi kwenye weusi, inakwenda kwenye wekundu na inakolea zaidi. Penye mwanga wa mawingu, shavu linachukua ubuluu. Nilijaza kurasa arobaini za mashavu. Mashavu tu.

Tukisema "amejifunza mwenyewe" kama kwamba ni dosari, tunasahau wenyeji wetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za dari, akafa 1972, na miaka minne ile ikazaa mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Ngecha kule Kiambu, Sane Wadu aliacha ualimu akaanza kuchora. Watu wakasema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, mwenye akili timamu! Kwenye skrini tunaye Jacque Njeri, ambaye mwaka 2017 aliwapeleka Wamaasai anga za juu katika MaaSci, na Osborne Macharia, aliyesomea usanifu majengo lakini kamera akajifunza mwenyewe, na mwaka 2018 kazi yake ikaandamana na filamu ya Black Panther.

Sikatai kwamba swali la tata lina uzito leo kuliko lilivyokuwa 1973. Tangu 2022 kuna programu ambazo kweli unabonyeza tu na picha inatoka, zikiwa zimefunzwa kwa mabilioni ya picha za mtandaoni, na Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani walizishtaki kampuni zake mahakamani. Tata hajui tofauti, na kwa nini ajue? Anayoyaona kwenye simu yote yanametameta sawasawa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake na simu. Krita ina kitufe cha kurekodi kazi unavyoifanya, nami niliacha kimewashwa zile usiku tano. Saa kumi na kitu zimebanwa zikawa dakika nne. Akavaa miwani. Akaona uso ukianza kama yai, macho yakifutwa na kurudi, mdomo ukibadilika mara sita, kidevu kikisogea. Hakusema neno. Ilipoisha akasema irudiwe. Mara ya pili alinishika mkono nisimamishe pale kitambaa kinapofungwa.

"Hapa umekosea," akasema. "Mama alikuwa anafunga fundo upande wa kushoto. Sikio la kulia lilikuwa linamuuma."

Hilo sikulijua. Kwenye kitambulisho fundo halionekani. Nimefungua faili jana usiku, tabaka la kitambaa, nimelihamishia kushoto.